Bangili ya chi iko shingoni mwa mbuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, ukiishika barabara ya Iringa kutoka mjini Dodoma. Umri wangu ni miaka 64. Gazeti lenu hunifikia siku moja baada ya kutoka, maana nalipata kwa muuza vocha ambaye naye huletewa na kondakta wa daladala. Kwa hiyo mkiona nimechelewa kusema, lawama ni za daladala.

Ninaandika kwa sababu ya tangazo. Limetoka wiki tatu mfululizo, robo ukurasa, na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekaa juu ya wingu. Linaahidi kuamsha nguvu ya chi, yaani ile pumzi ya uhai ambayo Wachina husema inapita mwilini, ndani ya siku saba kwa bangili na kichupa cha mafuta: sukari ishuke, presha iishe, na ile nguvu nyingine ambayo sisi wanaume tunaisoma ya kwanza halafu tunajifanya hatukuiona. Linasema hiyo ndiyo siri ya Watao, wafuasi wa mafundisho ya kale ya China yaitwayo Utao, na linamwambia mgonjwa aache vidonge. Chini kuna namba ya simu tu, hakuna jina wala anwani.

Nami ni mmoja wa walioliwa. Mwezi wa kumi mwaka juzi nilimkuta jamaa mjini karibu na stendi, ana meza na spika, bidhaa ni hiyo hiyo na picha ya mzee wa wingu ni hiyo hiyo. Alinifunga bangili mkono wa kushoto, akanibonyeza katikati ya kiganja, akaniuliza kama nasikia joto. Saa saba mchana, Dodoma, mwezi wa kumi. Nani hasikii joto? Nikatoa shilingi 85,000. Akanipa na wosia: vidonge vya hospitali vinaziba njia za chi, niviweke pembeni kwanza mpaka nguvu ifunguke.

Nikaviweka pembeni. Hapo sina wa kumlaumu, mkono uliovificha kabatini ulikuwa wangu. Siku ya ishirini na mbili nilikuwa shambani nakaza waya kwenye mstari wa nne, kichwa kikawa kizito kama nimejitwisha gunia. Nikashika nguzo. Nguzo nayo ilikuwa imeliwa na mchwa siku nyingi, tukaanguka wote wawili. Mama watoto alinipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma kanishika kiuno, mpaka kituo cha afya. Mashine ikasoma 198 kwa 114. Nesi, binti wa rika la wajukuu zangu, aliniamkia vizuri, "Shikamoo babu", kisha akauinua ule mkono wenye bangili, akaigeuzageuza. "Babu, hiki kinapima nini?"

Sikuwa na jibu, na hela sikuihesabu tena. Kilichoniuma ni kwamba mimi nilikuwa najua. Mtu ambaye hajawahi kulisikia neno chi, akidanganywa nalo, ana udhuru. Mimi nilifundishwa na mwenye nalo, bure, kandokando ya barabara.

Miaka ile barabara ya Iringa ilipokuwa inawekwa lami, kulikuwa na kambi ya mafundi si mbali na shamba langu. Kambini alikuwapo mpima mmoja wa Kichina, mzee mkavu, vijana wakimwita Babu. Kila alfajiri kabla greda halijawashwa alisimama nyuma ya matangi ya maji, anapandisha mikono, anaishusha, taratibu kama mtu anayeanua nguo zenye maji. Mwanzoni tulidhani anasali. Mama watoto akasema anaifanyia dawa barabara isipate mashimo. (Kama ndivyo, kipande chetu dawa imeshika.) Mimi nilikuwa napita hapo kwenda kufungulia maji. Siku moja nikasimama, naye akanionyesha kwa kidevu mahali pa kusimama, pembeni yake.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambi: leta, weka, ngoja, bado, polepole. Baadaye nimekuja kugundua kwamba maneno hayo matano yanatosha kabisa kumfundishia mtu Utao.

Mazoezi yenyewe ni vipande vinane. Cha kwanza mikono miwili inapanda kama unaisukuma mbingu. Cha pili unachuchumaa kidogo kama uliyepanda farasi, unavuta upinde, mara kushoto, mara kulia. Babu yangu mzaa mama alikuwa Msandawe, watu wa mishale, basi hapo nilijiona niko nyumbani. Ulimi unagusa juu ya kinywa, pumzi inaingia puani na kushuka mpaka chini ya kitovu, tumbo ndilo linalojaa, kifua kinatulia. Cha mwisho ndicho nikipendacho: unasimama kwa vidole vya miguu, visigino juu, halafu unaviachia vigonge ardhi, mara saba. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Kila kisigino kinapogonga unasikia mpaka kwenye meno.

Kosa langu lilikuwa mabega. Nimelima tangu utoto, mabega yangu yamezoea kukaa karibu na masikio. Asubuhi moja Babu alikuja nyuma yangu akaweka viganja vyake juu ya mabega. Hakubonyeza. Aliviacha tu hapo, na uzito wake. Akasema: "Weka." Nikadhani anataka niweke kitu chini, nikatazama mikononi, sikushika kitu. "Weka." Nikatazama tena. Mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba mzigo unaotakiwa kuwekwa chini ni mabega yenyewe. Yaliposhuka, mikono ikapata joto mpaka kwenye ncha za vidole, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Dodoma mnaijua. Joto lile la kwenye meza ya stendi halikuwa na undugu nalo.

Kambi ilipohama, Babu akahama nayo. Hatukuagana vizuri, nilikuwa mjini napeleka zabibu. Nikaendelea peke yangu, kwa kulegalega.

Baada ya kuanguka ndipo nilipotaka kujua nilichofundishwa kinaitwaje. Mjukuu wangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, na pale wana Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina, akawa ananiulizia na kunisomea kwenye simu. Jina lake ni Baduanjin, Vipande Vinane vya Hariri, na maandishi ya Kichina yanaitaja tangu karne ya 12. Mazoezi ya ukoo huo ni ya zamani kuliko hapo. Mwaka 1973, mwaka ule ule chama cha TANU kilipoamua makao makuu ya nchi yahamie huku kwetu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kaburi huko Mawangdui, mkoa wa Hunan, kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, wengine wazee, kila mmoja ananyoosha kiungo kwa namna yake. Kaburi lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Wengine wamevaa vizuri, wengine vifua wazi. Niliitazama ile picha kwenye kioo cha simu nikamwona mmoja mabega yake yamepanda juu, kama mimi. Pengine ni uchakavu wa hariri.

Na neno lenyewe, chi. Wachina wa zamani waliliandika kwa alama ya mvuke juu ya alama ya mchele. Mvuke wa wali, Mhariri! Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kila mpishi anajua mvuke ule hautiwi sufuriani. Unatoka wenyewe kukiwa na maji, moto wa kiasi na mfuniko. Ukichochea sana unaunguza, ukifunua kila dakika unabaki na wali mbichi. Mimi siwezi kukuapia kwamba chi ni kitu ambacho mashine ya nesi itakipima. Ninachoweza kusema ni kwamba watu walioipa jina hilo walikuwa wanatazama chungu cha kawaida jikoni, hawakuwa juu ya wingu.

Watao wenyewe waliwahi kuwa na wauza bangili wao, na hili ndilo ningependa mwenye tangazo alisome. Kwa karne nyingi walikuwapo mabingwa waliopika dawa za kutokufa kwa zebaki, madini ya risasi na mawe mekundu yenye zebaki ndani. Wateja wao wakubwa walikuwa wafalme. Wafalme kadhaa wa China wa ukoo wa Tang waliugua na kufa baada ya kuzinywa. Mmoja wao, Wuzong, alikufa mwaka 846, kijana wa miaka 30 na ushee. Baada ya vifo vya namna hiyo, hatua kwa hatua, wengi wao waliachana na tanuru la nje, wakasema tanuru ni tumbo lako, mafuta yake ni pumzi, na dawa haipikwi ikanywewa kwa siku saba. Ndiyo maana Babu alikuwa anapumua mpaka chini ya kitovu. Kwa hiyo kijana wa stendi, kwa kuniuzia nguvu ya siku saba ndani ya kichupa, amenirudisha kwenye kosa ambalo wenyewe walishalizika na wafalme wao.

Mzee anayetajwa kuwa chimbuko la mafundisho haya anaitwa Laozi. Kitabu kinachohesabiwa kuwa chake ni kidogo, sura 81, alama za Kichina kama 5,000 hivi. Mjukuu alinifasiria vipande. Kuna mahali anasema mtu akiwa hai ni laini, akifa anakakamaa, na miti vivyo hivyo. Nikamwambia huyo mzee lazima alipata kulima mizabibu. Tawi bichi unalipinda kwenye waya unavyotaka. La jana lililokauka ukiligusa tu, kwaa! Kuna mahali pengine anasema kutawala nchi kubwa ni kama kukaanga samaki wadogo, maana yake ukigeuzageuza sana wanavunjika. Hiyo nawaachia waheshimiwa wanaopita hapa na magari kwenda vikao vya Bunge.

Neno lao kubwa ni wu wei. Watu hulifasiri kuwa kutofanya kitu, wavivu wakafurahi. Babu alikuwa anaamka saa kumi na moja na kupima barabara mpaka jua linazama; huyo si mtu wa kukaa bure. Mimi nalisema hivi: kutolazimisha. Unafanya kazi yako yote, lakini kwa kufuata mshipa wa kitu. Wana hadithi ya mchinjaji aliyetumia kisu kimoja miaka 19, ng'ombe kwa maelfu, na kisu hakijapata kunolewa upya, kwa sababu hakukata mfupa. Alipitisha ncha pale penye nafasi kwenye kiungo. Nendeni mnada wa Msalato siku ya Jumamosi mkatazame. Yuko anayepiga shoka jasho linamtoka na vipande vya mfupa vinarukia wateja, na yuko anayeshika kisu kwa vidole vitatu anaongea na jirani yake, mbuzi anaachana mwenyewe kiungo kwa kiungo. Wa pili ndiye mwenye foleni.

Sisi watu wa Dodoma tungekuwa wa kwanza kulielewa neno hili. Kongwa iko hapa hapa mkoani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakaleta matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakitaka mafuta ya kula kwa wingi, haraka haraka. Marehemu baba yangu alifanya kibarua kule kabla hajawa katekista. Alikuwa akitusimulia minyororo iliyofungwa kati ya mitambo miwili kung'oa pori, na nyuki waliotoka kwenye mbuyu wakawafukuza madereva mpaka kambini. Mvua hazikunyesha walivyopanga. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa jiwe, majembe ya trekta yakavunjika, karanga zikabaki chini hazichimbiki. Mwaka 1951 wakafunga, mamilioni ya pauni yamekwenda. Wagogo waliokuwa wakilima uwele na mtama kandokando waliendelea kulima uwele na mtama.

Nami nina Kongwa yangu ndogo. Mzabibu wa kwetu huzaa mara mbili kwa mwaka. Ukishavuna unauacha upumzike, halafu ndipo unapogolea. Mwaka mmoja, Babu akiwa bado hapa, niliingiwa na tamaa ya mavuno ya tatu. Sikupumzisha. Nilivuna leo, kesho kutwa niko na mkasi, maji yakiwa mengi na mbolea juu. Machipukizi yakatoka, nikamwita Babu aje aone. Alitembea mistari miwili, akashika shina moja kwa kiganja kama alivyonishika bega, akasema: "Bado." Nikamwonyesha majani, mabichi kabisa. "Bado, bado." Vishada vilitoka saizi ya kidole gumba, vikapukutika. Mashina zaidi ya arobaini hayakuamka tena msimu uliofuata. Hayo ndiyo mafundisho ya chi niliyopata, na yaligharimu kuliko 85,000.

Najua wapo wasomaji watakaosema haya ni mambo ya dini za kigeni, tena nimetaja baba alikuwa katekista. Mimi ni Mwanglikana, Jumapili niko kwenye benchi langu. China wapo Watao walio na mahekalu na mapadri wao, hiyo ni dini kamili na siichezei. Kunyoosha mgongo alfajiri na kupumua kwa tumbo sioni kama kunanihamisha kanisa. Mchungaji aliponiuliza nilimwalika, akaja, akafanya vipande vitatu, cha nne cha kugeuza shingo akasikia kitu kinalia, akasema tuendelee wiki nyingine. Bado namsubiri.

Leo hii nafanya vipande vyote vinane kila siku, na kidonge changu cha presha nameza saa mbili usiku baada ya ugali na mlenda. Mara ya mwisho mashine ilisoma 138 kwa 86. Nesi anasema ni vidonge, chumvi niliyopunguza na hayo mazoezi, vyote pamoja, na kwamba wataalamu wamekwisha kupima mazoezi ya Kichina ya polepole wakaona wazee wanaoyafanya hawaanguki ovyo. Mwezi wa tatu nilijikwaa kwenye mtaro na ndoo mbili mkononi. Mguu ulikwenda wenyewe ukatafuta pa kukanyaga, maji yakamwagika nusu, mimi nikabaki nimesimama.

Sasa ombi langu, Mhariri. Tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na sheria yake ni ya mwaka 2002. Mtu akija na tangazo la kuponya presha na sukari, dawati lenu la matangazo limwulize amesajiliwa wapi na kwa jina gani, kabla ya kuhesabu hela yake. Akikosa jibu, arudi na wingu lake. Na kama hamwezi kulikataa, basi angalau mkate ule mstari unaomwambia mgonjwa aache vidonge. Mstari huo, mimi nimeufuata mpaka mwisho wake; unaishia kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa.

Mwandishi wenu yeyote akitaka kuona mazoezi yenyewe, anikute shambani saa kumi na mbili kasoro robo. Siku hizi tuko watano: mimi, mama watoto ambaye ameacha kusema naroga barabara, majirani wawili, na fundi baiskeli mwenye mgongo mbovu. Hakuna kiingilio. Avae viatu vya chini, asije na manukato maana nyuki wapo.

Bangili sikuitupa. Mjukuu mdogo alimvisha beberu wetu shingoni, ikawa kama kengele isiyolia. Ana mwaka wa pili nayo. Kikohozi chake kiko palepale.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.